Namna ya Kuwavuruga Wapenzi Wanne kwa Usiku Mmoja

Kwanza tafuta baba mkali. Bila yeye vijana wataoana mchana kweupe, wageni watakula na kwenda zao, nawe huna mchezo. Shakespeare, alipoandika A Midsummer Night's Dream katikati ya miaka ya 1590, alimleta Egeus wa Athens mbele ya mtawala Theseus kumshtaki binti yake mwenyewe. Hermia anampenda Lysander; baba kamchagulia Demetrius. Sheria ya mji haina huruma: akubali mume huyo, auawe, au awe mtawa maisha yake yote. Kwa sheria kama hiyo, kutoroka usiku ni jambo la akili.

Kisha yagawe mapenzi ovyo. Wavulana wote wawili wamtake Hermia, na Helena, ambaye Demetrius aliwahi kumposa, abaki akimlilia mtu asiyemtaka tena. Usihangaike kuwatofautisha wavulana. Lysander mwenyewe anasema mbele ya Theseus kwamba kwa ukoo na mali hapitwi na Demetrius, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: mtazamaji aone kwamba baba hana hoja, ana amri tu. Wasichana, hao wape sura zao. Hermia ni mfupi na hasira zake ziko karibu. Helena ni mrefu, anaogopa ugomvi, na ni mwepesi wa kujidharau.

Sasa siri ivuje. Hermia na Lysander wanamweleza Helena kwamba watakutana msituni, wakimbilie kwa shangazi yake Lysander, mjane asiye na mtoto, ambako sheria ya Athens haifiki. Helena anampelekea Demetrius habari ili walau ashukuriwe. Usiku huo wote wanne wako msituni.

Limbwata usimpe mtu mwovu. Hili nalisisitiza. Oberon, mfalme wa majini, amemwona Demetrius akimfukuza Helena na ameingiwa na huruma. Anamtuma mtumishi wake Puck ampake kijana huyo maji ya ua machoni, ili akiamka ampende wa kwanza kumwona. Alama aliyompa ni moja tu: mavazi ya watu wa Athens. Puck anamkuta Lysander amelala mbali kidogo na Hermia, akadhani umbali ule ni dharau, akampaka yeye. Kumbe Hermia ndiye aliyemwomba mchumba wake asogee, kwa staha, maana hawajaoana. Ufundi wenyewe ndio huo! Huruma ya jini na staha ya binti, mambo mawili mazuri kabisa, yamekutana yakazaa balaa. Demetrius naye akipakwa ili kosa lirekebishwe, wavulana wote wanamgeukia Helena, naye anaamini wamekula njama wamcheke.

Hapa usiwe na haraka. Wavulana waache watafutane gizani na panga zao. Puck atawapoteza kwa kuigiza sauti zao. Wewe waweke wasichana mbele ya jukwaa. Helena anamkumbusha Hermia walivyokuwa wakikaa juu ya mto mmoja, wakitarizi ua moja kwenye kitambaa kimoja, wakiimba wimbo mmoja. Hermia haelewi analaumiwa kwa lipi. Punde masikio yake yanashika tusi moja tu, la ufupi, na anataka kumrukia mwenzake kwa kucha. Watu watacheka, na wacheke. Lakini maneno ya kutarizi yasifanyiwe mzaha. Anayeigiza Helena ayaseme kama mtu anayempoteza ndugu, kwa sababu amekwisha kumpoteza mwanamume mara moja; rafiki huyu hakuwahi kumpoteza.

Kufungua fundo hakuchukui muda: dawa nyingine kwa Lysander, Theseus anampuuza Egeus, zinafungwa ndoa tatu, pamoja na ya Theseus mwenyewe. Demetrius hapewi dawa. Anaoa na limbwata lake machoni, wala hakuna anayemwambia Helena. Kwenye karamu, mafundi wa mjini wanapoigiza mchezo wao, Demetrius na Lysander wanawatania bila kuchoka, ilhali Hermia na Helena hawana hata neno moja katika sehemu nzima ya tano. Upatanisho wao haukuandikwa. Mwongozaji inabidi autengeneze mwenyewe kwa mahali pa kukaa, kwa macho na kwa mikono, na aamue mapema, katika mazoezi ya mwanzo kabisa, nani atamwendea mwenzake, maana uamuzi huo utabadili hata namna watakavyogombana msituni.