Shauri kwa Waliofungiwa Mabuti

Safu hii iliasisiwa kwa ajili ya walioudhiwa na wachumba, mawifi na mirathi. Lakini mwezi huu barua zote zimekuja na kilio kimoja, cha buti la gari lisilofunguka, na kwa kuwa mhariri hapendi aulizaye arudi mikono mitupu, twajibu.

*Bwana Mshauri, ninayo Corolla ya mwaka 1998. Jumamosi nilitia butini duriani nne za kumpelekea mkwe, nikaushindilia mfuniko juu yake, na tangu hapo haufunguki. Leo ni Jumanne, jua ni kali, mke wangu amehamia kwao, na jirani amekuja na mtaimbo. Nimruhusu? Wako, Taabani, Unguja.*

Bwana Taabani, jirani mrudishe kwake yeye na mtaimbo wake, kwa maneno ya upole na kwa kahawa ikibidi. Kwani mfuniko uliopindwa kwa mtaimbo aghalabu hauketi tena mahali pake, na mvua ya kwanza ikinyesha utakuwa umepata birika, duriani zimo.

Sababu umekwisha kuitaja mwenyewe pasina kuijua: umeshindilia. Ndani ya mfuniko mna kulabu iliyoiuma pete ya chuma, na mzigo unapousukuma mfuniko juu, kulabu huikaza pete hata ule waya mwembamba, uanziao kwenye kishikio kando ya kiti cha dereva, jirani na kile cha tangi la petroli, usiwe na nguvu ya kuibandua. Basi tafuta mtu mzito, auegemee mfuniko kwa viganja viwili, juu ya loki barabara, naye mwingine akae ndani avute kishikio taratibu. Uzito ule huipunguzia kulabu mkazo, na mara nyingi loki huachia kabla mtu huyo hajamaliza kuuliza harufu hiyo ni ya nini.

Ikiwa kishikio chavutika kilegevu, waya umekatika au umechomoka, na hapo hata ukiwakusanya wazito wa mtaa mzima hapana faida. Tia ufunguo katika tundu la mfuniko. Yamkini hautageuka, madhali tundu hilo halitumiki miaka na miaka na chumvi ya bahari imekwisha kulila. Illa usiulazimishe, usije ukakatikia humo ukawa na mashaka mawili. Sugua penseli laini juu ya meno yake hata yawe meusi, uutie na kuutoa mara kadhaa, ndipo ujaribu tena.

Yakishindikana yote hayo iko njia ya ndani, nayo ndiyo niipendayo, kwa kuwa haina kelele wala haivuti watazamaji. Inua ukingo wa mbele wa kalio la kiti cha nyuma hata vibanio viachie, ulitoe. Kisha fungua bolti zilizo chini ya mgongo wa kiti, uunyanyue mgongo utoke kwenye ndoano zake. (Spana za gari zimo butini, najua. Azima za jirani. Atafurahi kuwa ameshirikishwa.) Hapo jikaze, ufunge pua kwa leso, ujipenyeze na tochi mpaka nyuma, na kwa bisibisi usukume ule mkono mdogo wa loki ulioshikwa na ncha ya waya. Huko Marekani magari ya saluni, kuanzia yale ya mwaka 2002, yamelazimishwa na sheria kuwa na kishikio ndani ya buti chenye kung'aa gizani, ili mtu aliyefungiwa humo ajifungulie. Lakini lako ni kongwe kuliko sheria hiyo, na duriani hazina mikono.

*Mheshimiwa, Prius yangu, ya lile toleo lililoanza kuuzwa 2003, imelala hata betri ikafa. Fundi asema betri imo butini, na buti hufunguka kwa umeme wa betri hiyohiyo. Je, anicheza shere? Mtumishi, Mombasa.*

Hakuchezi shere, bwana. Akuchezaye ni mhandisi aliyeiunda, ingawa insafu yataka tuseme kuwa hakukuacha bila pa kutokea. Ndani ya rimoti umefichwa ufunguo wa chuma: fungua kwao mlango wa dereva, uvute kishikio cha boneti, ambacho hakihitaji umeme, na katika kisanduku cha fyuzi utaona kifuniko chekundu. Chini yake pana chuma cha kuungia waya wa chanya kutoka betri nzima ya volti 12; waya wa hasi ufunge kwenye chuma kitupu cha injini. Hadhari usibadilishe chanya kwa hasi, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse abadan, kwani hizo hupitisha volti zaidi ya 200. Umeme ukirudi, buti litakutii.

*Bwana Mshauri, kishikio cha ndani cha Nissan ya mume wangu kilikuwa kikifungua buti siku zote. Tangu mwezi uliopita hakifungui, ila ufunguo autembeao nao yeye hufungua vizuri. Asema gari limechoka. Mama Watoto, Tanga.*

Bibi mtukufu, katika Nissan kadhaa za saluni mna kiwiko kidogo kwenye loki ya mfuniko, kilichowekwa makusudi ili mwenye gari akimwachia mwingine asiweze kufikia mizigo. Kikigeuzwa, kishikio cha ndani huvutwa bure na ufunguo peke yake ndio ufunguao. Kiwiko hicho ni kigumu na hakigeuki kwa mtikisiko wa barabara. Fauka ya hayo, hakifikiki ila buti likiwa wazi.

Ama swali lako la pili, kama umwulize leo au ungoje Ijumaa: mwulize leo, akishakula.