Asanteni kwa Kumsaidia Kirby

Tuwashukuru mafundi wa kompyuta wanaojitolea kurekebisha majalada ya katuni za kale. Maskini mchoraji Jack Kirby! Jalada lake la mwaka 1941 linamwonyesha Captain America akimtandika Hitler ngumi ya taya, lakini jasho linalong'aa limesahaulika, na mwanga wa machweo ndani ya chumba pia. Rangi bapa, karatasi duni, bei senti 10: nani angelinunua? Sasa Hitler anakula ngumi huku akimeremeta kama bibi harusi aliyetoka kusingwa. Hulk wa Kirby naye, aliyezaliwa kijivu mwaka 1962 na kugeuzwa kijani kwa sababu ya matatizo ya uchapaji, hatimaye amepata vivuli vya kutosha ukoo mzima. Jina la fundi lipo pembeni, kubwa, linasomeka. La Kirby limekosa nafasi. Kirby alifariki mwaka 1994, kwa hiyo hana pingamizi.