Sifa za Tarumbeta la Ghorofa ya Tatu

Mtaa wetu hapa Nairobi una kelele za kila aina, na karibu zote zimesamehewa. Pampu ya kisima huanza kunguruma kabla ya alfajiri. Matatu hupiga honi langoni kumwita abiria ambaye bado anapiga mswaki. Jumamosi fundi hukata vyuma vya madirisha tangu asubuhi, Jumapili vipaza sauti vya makanisa hushindana, na usiku wa mpira kila goli hushangiliwa mara mbili kwa sababu televisheni za ghorofa za juu huchelewa sekunde chache. Watu hufunga dirisha, maisha yakaendelea.

Kelele moja tu ndiyo iliyofikishwa mbele ya kundi la WhatsApp la wapangaji, ikajadiliwa kwa jumbe za sauti na kwa vikaragosi vya nyuso zilizokunjamana: tarumbeta la binti wa ghorofa ya tatu, anayejiandaa kwa usaili wa okestra ya vijana. Hiyo ndiyo kelele ninayoisifu hapa kwa moyo wangu wote.

Naanza na noti ndefu, maana hata yeye huanza nazo. Akishavua sare ya shule hupuliza noti moja na kuishikilia mpaka pumzi imwishie, kisha nyingine iliyo chini yake kidogo, kisha nyingine. Hazina wimbo wala mdundo. Anayezisikia kwa mara ya kwanza huuliza kama kuna kitu kimeharibika. Lakini tarumbeta lina vibonyezo 3 tu, na vibonyezo 3 hutoa mipangilio 8 tu ya vidole. Noti nyingine zote hutafutwa na midomo, kwa kukaza na kulegeza. Kidole kinaweza kuwa mahali pake sawasawa, na bado noti ikatoka isiyotakiwa, au ikapasuka katikati. Kupasuka huko ndiko kunakoudhi jengo zima, na ndiko ninakokuheshimu zaidi, kwa sababu hakufichiki. Mwanafunzi wa hesabu hukosea kwenye daftari lake na kufuta. Huyu hukosea mbele ya ghorofa sita, hafuti kitu, anarudia.

Kisha kuna kimya. Misuli ya midomo huchoka upesi, ndiyo maana walimu wa tarumbeta huwafundisha wanafunzi wao kupumzika kwa muda unaokaribia ule wa kupuliza. Hapo ndipo majirani huteseka hasa: wanasikia kimya, wanadhani amemaliza, wanamlaza mtoto au wanawasha taarifa ya habari, na skeli, ile ngazi ya noti, inaanza upya pale pale ilipoachiwa. Nimejifunza kukipenda kimya hicho. Ni kimya cha mtu anayejua mwili wake unaweza nini kwa leo, na ni vijana wachache ninaowajua wenye nidhamu ya kuacha kwa wakati ili waweze kuendelea.

Baada ya skeli huja mtunzi Haydn. Koncheto yake ya tarumbeta, yaani kazi ya tarumbeta mbele ya okestra, aliiandika mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger, mpulizaji wa Vienna aliyekuwa akifanyia kazi tarumbeta la aina mpya, lenye matundu yanayofunikwa na kufunuliwa kwa vibonyezo. Matarumbeta ya wakati ule yalikuwa bomba tupu. Yaliweza kutoa noti kadhaa tu katika sauti za chini na za kati, ndiyo maana kazi yake kubwa ilikuwa kuitangaza vita na kuwaingiza wafalme. Haydn aliliandikia tarumbeta nyimbo laini ambazo lilikuwa halijawahi kuziimba. Watu wa Vienna waliisikia koncheto hiyo hadharani mwaka 1800. Kati ya kuandikwa na kusikika ilipita miaka 4, na chombo kigeni namna ile hakizoeleki kwa siku moja. Majirani wa Weidinger hawatajwi popote. Wanastahili heshima yetu, kwani leo kila kijana anayeomba kiti cha tarumbeta popote duniani huenda akaombwa ile koncheto.

Na jioni humalizia kwa vile vipimo vichache ambavyo sasa hata mlinzi wa lango huvipiga mluzi: mwanzo wa kazi ya mtunzi Mussorgsky iitwayo Pictures at an Exhibition. Mussorgsky aliiandikia piano mwaka 1874. Maurice Ravel akaipangia okestra mwaka 1922, na akaamua kwamba wa kwanza kusikika awe mpiga tarumbeta, peke yake, bila mtu wa kumwegemea. Kipimo cha kwanza kina midundo 5, cha pili kina 6. Jaribu kuvifuata kwa makofi uone utakavyopotea. Baada ya vipimo hivyo viwili vyombo vingine vya shaba hujibu. Lakini jengoni kwetu hakuna wa kujibu, kwa hiyo binti huhesabu kimya kimya nafasi ya wenzake ambao bado hana, kisha huingia tena mahali pake. Nikisikia pengo lile huwa najua kwamba anawasikia. Kati ya mazoezi yake yote hakuna linalonigusa kama hilo.

Usaili wenyewe ni wa dakika chache. Kwa kawaida kijana hucheza kipande alichokiandaa, kisha skeli ambazo jopo ndilo linalozichagua, kisha sehemu ya kazi ya okestra, kisha huwekewa karatasi ambayo hajapata kuiona na kuambiwa asome noti na kupiga papo hapo. Hesabu ya viti nayo ni kali. Okestra kubwa inaweza kuwa na fidla 30, lakini tarumbeta huhitaji 3 au 4. Kijana anaweza kuwa mzuri, akawa mzuri kweli, na nafasi ikakosekana kwa sababu waliokalia viti mwaka jana bado hawajafikia umri wa kutoka. Watu husema ni ukatili kumpitisha mtoto kwenye tundu jembamba hivyo. Mimi nausifu usaili pamoja na kelele zake.

Nausifu kwa sababu tunaishi katika nchi ambamo kijana akisema ameitwa kwenye usaili wa kazi, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni, “Kule unamjua nani?” Na wanaouliza hawana ubaya, wameona mengi. Lakini mjomba mwenye cheo, hata akipiga simu usiku kucha, hawezi kumkopesha mpwa wake midomo. Skeli iliyoitishwa na jopo haina njia ya mkato. Ama jengo lako lilikusikia ukiipiga miezi yote hii, ama halikukusikia. Sisi majirani ndio mashahidi wa kwanza wa haki ya kijana huyu, na ushahidi wetu umepitia masikioni.

Wanamuziki wenyewe waliwahi kulazimika kuilinda haki hiyo kwa pazia. Boston Symphony Orchestra ilianza mwaka 1952 kuwasikiliza waombaji wakiwa nyuma ya kizuizi, jopo lisione sura wala jinsia, na okestra nyingine za Marekani zikafuata zaidi kuanzia miaka ya 1970. Ikagundulika kwamba hata mlio wa viatu vya wanawake sakafuni unaweza kumtambulisha mwombaji, hivyo kukawa na waliotandika zulia na walioambiwa wavue viatu. Katika okestra 5 kubwa za nchi hiyo wanawake hawakufika asilimia 5 mwaka 1970. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa kama robo. Watafiti Claudia Goldin na Cecilia Rouse, waliolichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2000, walikuta pazia lina sehemu yake katika mabadiliko hayo. Si okestra zote za vijana zinazotumia pazia, na ningeomba zitumie. Binti wetu ameshapita nyuma ya pazia kwa namna yake: wapangaji wengi wanamjua kwa noti zake kuliko kwa sura.

Wanaodhani mambo haya ni ya kizungu na ya mbali, naomba watazame karibu. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, na bendi zake zimewafundisha vijana wengi kupuliza shaba kabla hawajajua okestra ni nini. Korogocho, karibu na jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto tangu mwaka 2008. Mwanzilishi wake ni Elizabeth Njoroge, ambaye taasisi yake ya Art of Music Foundation ndiyo pia inayoilea Okestra ya Taifa ya Vijana ya Kenya. Safaricom Youth Orchestra nayo ilianza mwaka 2014. Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbanguisti mwaka 1994. Fidla zilikuwa chache zikazungushwa kwa zamu, na nyuzi zilipokatika walifunga waya wa breki za baiskeli. Waya wa breki kwenye fidla ya mwanafunzi anayeanza! Majirani wa Kinshasa waliyasikia hayo, na leo okestra hiyo imekwisha kucheza Simfoni ya 9 ya Beethoven.

Malalamiko mengine yana uzito. Katika jengo letu yupo muuguzi wa zamu ya usiku ambaye mchana ndio usiku wake, na yupo mzee mgonjwa. Nimewasikiliza, na kwao naona ni haki kupanga saa, kuziba mdomo wa tarumbeta kwa kile kifuniko cha kupunguzia sauti, na kunyamaza kabisa siku mzee akizidiwa. Lakini mpangaji mmoja alileta kundini kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, naye nilimwomba azisome mpaka mwisho. Zinataka kelele ipimwe kwa saa inayotokea, kwa ukaribu wake na makazi, na hata kwa kuangalia kama imekuzwa kwa mitambo. Saa kumi na moja jioni si usiku wa manane. Na pumzi ya msichana wa miaka kumi na mitano haikukuzwa na mtambo wowote. Tukitaka kuanza na vipaza sauti tunajua vilipo.

Usaili ni mwezi ujao. Nawaomba mwenye nyumba na keateka watenge muda wa saa mbili kila jioni, waubandike langoni pamoja na ratiba ya maji, ili kila mtu ajue. Nawaomba wapangaji waache kugonga dari kwa ufagio, maana anapogongewa hupoteza hesabu ya midundo na hulazimika kuanza tena tangu mwanzo. Na matokeo yakitoka, awe amepata kiti au amekosa, asiwepo wa kumwambia kwamba sasa angalau tutapumzika. Mwambieni tunangoja skeli za kesho.