Virusi 38 Kwenye Diski Tusiyo Nayo

Ndugu yangu mwenye kompyuta moja na ukoo mzima, wewe utanielewa. Kwetu Tabata kompyuta inakaa sebuleni na kila mtu ana mamlaka juu yake. Yupo mama mkwe, tunayemwita Spika kwa kuwa hakuna anayezungumza mezani kabla hajampa nafasi. Yupo shemeji yangu Profesa, mwenye jibu la kila swali hata lisiloulizwa. Na yupo kitinda mimba wetu, Kitufe, ambaye hajawahi kuona kitufe akakiacha salama. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, mtaa mzima ulizungumzia intaneti, na haukupita muda mrefu nasi tukanunua modemu.

Jumamosi moja Kitufe alikuwa anatafuta katuni. Likachomoza dirisha lenye ngao nyekundu: kompyuta yako iko hatarini, bofya hapa tuikague bure. Akabofya, angefanyaje? Majina ya kutisha yakaanza kushuka kwenye kioo, na mwisho tukapewa hukumu: virusi 38. Dawa ipo, dola 49.95.

Spika akashika kifua. "Baba Neema, hivyo virusi vinaambukiza watu?" Mke wangu akampigia kaka yake aliyeko Maskati. Huyo tunamwita Benki Kuu, maana shida zote za ukoo huishia kwake, na kadi ya kulipia mtandaoni ni yeye pekee aliye nayo. Sijamaliza kuvua viatu, Benki Kuu tayari anaomba asomewe ukurasa wa malipo.

Ndipo Neema, binti yangu mkubwa, akauliza kwa upole: "Baba, wanasema diski D ina virusi. Mbona sisi hatuna D?"

Kweli hatukuwa nayo. Ule ukaguzi wote ulikuwa mchoro tu: ukurasa wa intaneti uliotengenezwa ufanane na dirisha la Windows XP, unaomwonyesha kila mgeni diski zilezile na virusi vilevile. Programu mbaya iliingia pale Kitufe alipokubali "dawa" ishushwe. Simu ya Maskati ikakatwa kwa salamu za haraka.

Jambo hili liliniuma sana, na bado linaniuma, kwa sababu wanaoibiwa hivi ni watu wanaojaribu kulinda nyumba zao. Desemba 2008 tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ilikwenda mahakamani dhidi ya kundi lililouza programu za aina hii, zikiwemo WinFixer na XP Antivirus. Ilisema zaidi ya watu milioni moja walishawishiwa kuzinunua. Mwaka 2012 mahakama iliamuru zilipwe zaidi ya dola milioni 163. Fikiria ni akina mama wakwe wangapi walioshika kifua hapo.

Profesa akatoa uamuzi: ipigwe Windows upya. Angesema hivyo hata kama kipanya kimechomoka. Lakini humo ndani kulikuwa na picha za mwisho za marehemu baba mkwe, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Nikasema ile programu mbaya itatolewa kwa mkono.

Kwanza nikachomoa modemu, Kitufe akalia. Kila programu niliyofungua ilifungwa palepale, tukiambiwa nayo imeambukizwa, mpaka kikokotoo. Nikazima na kuwasha, nikagonga F8 kabla nembo ya Windows haijatokea, nikachagua ile hali salama inayowasha vitu vya lazima tu. Humo yule mgeni hakuamka. Nikafungua regedit, nikahifadhi kwanza nakala ya rejista, kisha nikashuka HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, hadi Run, mahali panapoandikwa programu za kuamka zenyewe. Alikuwepo, jina lake tarakimu tupu, na njia ya faili ikielekeza kwenye folda ya Application Data.

Hapo giza likaingia. Umeme wa LUKU ulikuwa umeisha, kwa sababu Spika alikuwa chumbani anapiga pasi kanga zote za kwendea msibani Bagamoyo, na kwetu pasi ya msiba haizimwi. Mke wangu akasema zamu ya kununua ilikuwa yangu, mimi nikasema ya Profesa, Profesa akaeleza kwa kirefu jinsi mita inavyofanya kazi. Nikaenda kununua mimi.

Umeme uliporudi nikafuta lile ingizo kwenye Run. Folda yake hufichwa, hivyo nikaamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, nikaifuta pia. Nikawasha kawaida: kimya, ngao imetoweka. Ila intaneti ikagoma, na wengi hukatia tamaa hapa. Kivinjari kilikuwa kimeelekezwa kwenye proksi ya 127.0.0.1, yaani kompyuta inajiuliza yenyewe. Nikaondoa alama ya kutumia proksi kwenye mipangilio, kurasa zikafunguka. Nikakagua faili la hosts, likawa safi. Mwisho nikapitisha Malwarebytes niliyoileta kwa flashi kutoka kazini, ikaokota masalia. Picha za mzee zote zilikuwepo, na usiku uleule nikazichoma kwenye CD, nakala mbili.

Asubuhi Spika akauliza ile ngao iko wapi, maana sasa tutajuaje kama tunaumwa? Nilimweleza kuhusu diski D kwa utulivu mwingi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa maagizo: modemu italala kwenye mkoba wake, na anayeitaka aje amsalimie na kusema anakwenda kutafuta nini. Hoja hiyo haikujadiliwa.

Mimi nikafungua akaunti zenye mipaka kwa kila mtu, ili Kitufe akibofya asiweze kusimika kitu kwa urahisi. Nenosiri la akaunti kuu tulikubaliana alishike Neema. Nikitaka kuweka programu yoyote namwomba, naye huniuliza kwanza imetoka wapi.