Beseni la Vitumbua

Kitinda mimba wetu tunamwita Babu, kwa kuwa amerithi jina la babu yake mzaa baba. Kila mtu nyumbani kwetu Mbagala anaamini anamjua kuliko mwenzake. Basi siku mwalimu wa darasa la awali aliponiita na kuniambia, "Mama, huyu mtoto amenishinda," nilirudi nikakuta kila mmoja ana dawa yake.

Makosa yenyewe hayakuwa madogo kwa mtoto wa miaka mitano. Alimng'ata mwenzake begani, akamwaga uji wa mwingine, na akiitwa mstarini hujitupa chini na kumpiga mateke yeyote anayemsogelea. Mwalimu sikumlaumu. Sera inataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, nami niliwaona wamebanana mkekani hadi mlangoni, yeye peke yake, sauti imemkauka.

Baba Babu alisema mtoto amedekezwa, fimbo mbili zinamtosha. Mama mkwe akasema ni jicho la watu, akamfunga mvuje mkononi. Shemeji yangu, ambaye anafundisha sekondari, akamgeukia kaka yake: "Kaka, hata shuleni kiboko kina kanuni tangu mwaka 2002. Anachapa mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, havizidi vinne, na vinaandikwa kitabuni. Wewe unataka kumchapa mtoto wa awali kwa jambo ambalo hujalijua? Mpelekeni kwanza akapimwe masikio. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi."

Tukampeleka. Masikio mazima, macho mazima. Daktari hakukimbilia kumpa ugonjwa. Alisema ili mtoto ahesabiwe kuwa na tatizo la utulivu na umakini, dalili zinatakiwa zionekane nyumbani na shuleni pia, tena kwa miezi sita au zaidi. Kwa sasa tuandike mambo matatu kila anapolipuka: nini kilitangulia, alifanya nini, na nini kilifuata. Nikanunua kaunta buku, na mwalimu akakubali kunisimulia jioni nikimfuata mtoto.

Jumamosi Baba Babu akaja na mpango wake: tufanye paredi ya nyumbani, mtoto azoee. Watoto wa uani wakapangwa mstari, mfuniko wa sufuria ukawa kengele. Babu alikuwa barazani anapanga vizibo vya soda, vyekundu mbele, vya rangi ya chungwa nyuma yake, kila kimoja kimegusana na mwenzake. Pembeni lilikuwa beseni la mama mkwe, unga wa vitumbua vya kuuza umeumuka vizuri, umefunikwa kanga.

Mfuniko ukalia. Babu akashtuka, akaziba masikio, kisha akaanza kupanga vizibo haraka haraka, vidole vinatetemeka. Ukalia tena. Dada yake, kwa nia ya kumsaidia awahi mstarini, akavikusanya vyote kwenye sketi yake. Hapo ndipo kilipowaka. Babu alimng'ata dada yake mkono, akarusha teke, na beseni likapinduka. Unga ukatiririka hadi mlangoni kwa jirani, na kuku wa jirani hawakusubiri kukaribishwa.

Baba yake akashika mkanda. Mama mkwe, mtaji wake wote uko chini, akasimama katikati. "Mwache. Nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa anamalizia."

Usiku ule tulikaa na kaunta buku. Siku ya kumng'ata mwenzake, kengele ililia akanyang'anywa rangi. Siku ya uji, aliamriwa aache vijiti vya kuhesabia. Nyumbani ni vilevile: televisheni ikizimwa ghafla, akibebwa kwenda kuoga. Mtoto huyu anaumia pale anapokatishwa jambo bila kuambiwa mapema, na kelele ya kengele inamzidishia.

Beseni nalo halikusamehewa hivihivi. Babu alipewa tambara akafuta baraza, akamwomba bibi na dada yake radhi, na baba yake akaenda naye mashineni kusagisha mchele mwingine.

Jumatatu tulikwenda shuleni wote wawili. Mwalimu alisoma daftari, akasema, "Kumbe huwa anaanza kengele ikilia." Tukakubaliana. Kabla ya kengele mwalimu anamgusa bega na kumwambia amalizie vitu viwili tu. Kengele ikilia, Babu ndiye anayebeba kopo la rangi kulirudisha mezani. Mstarini anasimama mbele, mbali na msukumano. Akifanya vizuri anasifiwa papo hapo, kwa jambo lenyewe. Nyumbani nasi tunafuata hivyo hivyo, hata mama mkwe, ingawa mvuje haujatoka mkononi.

Malipuko yamepungua sana, lakini hayajaisha. Wiki iliyopita mwalimu aliumwa, na aliyeshika darasa hakuwa na habari ya utaratibu wetu. Babu akajitupa chini kama zamani. Ndipo tulipouandika utaratibu wote kwenye karatasi moja. Nakala moja iko kwenye daftari la maandalio la mwalimu, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwenye friji yetu. Mtoto anayehitaji msaada wa namna hii asitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja. Kila mkubwa anayemshika, awe mwalimu wa zamu, shangazi au dereva wa basi la shule, anapaswa kujua la kufanya kabla kengele haijalia.