Naulizia Tu Bei

Ikifika wiki ya mwisho ya Machi, wazee wa Kariakoo huanza kuniamkia. Mtu ana wajukuu, ana mvi hadi kwenye nyusi, ananipigia simu saa moja asubuhi na kusema, "Shikamoo dada." Zamani nilikuwa nashtuka. Siku hizi nanyamaza tu nikisubiri, maana shikamoo ya mtu aliyenizidi umri haiji bure. Nyuma yake zitakuja habari za watoto, za kazi, za mvua, na mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Samahani, eti kutengenezewa mahesabu ni shilingi ngapi? Naulizia tu bei."

Mimi ni mshauri wa kodi. Ofisi yangu iko ghorofani, jengo halina lifti, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Kwa mfanyabiashara ambaye mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba, tarehe 31 Machi ndiyo mwisho wa kupeleka makadirio kwa mamlaka ya mapato, TRA, na kulipa awamu ya kwanza. Awamu nyingine ni Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwaka uliopita isizidi tarehe 30 Juni. Tarehe hizi hazijifichi. Ziko kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani kwangu, na nadhani ziko kwenye kuta nyingi tu za Dar es Salaam. Lakini simu huanza kulia zikiwa zimebaki siku tatu.

"Shilingi ngapi" lingekuwa swali jepesi kama mwenye kuuliza angekubali naye kuulizwa. Mazungumzo huenda hivi:

"Biashara gani, mzee?"

"Ya kawaida tu."

"Ni kampuni au jina lako binafsi?"

"Vyote viwili, kidogo kidogo."

"Mauzo kwa mwaka yanafika ngapi?"

Hapo simu inakuwa kimya mpaka nasikia honi za bodaboda upande wa pili. Kisha: "Dada, ya mauzo tutaongea tukionana. Wewe nitajie bei."

Yaani mtu anataka nimkokotolee kodi, ila siri ya mauzo ataondoka nayo. Kwa muda mrefu nilidhani watu hawa ni wabahili. Nikaja kugundua kwamba wala hawaniulizii ujira wangu. Nikitaja laki tatu, swali linalofuata ni lile lile miaka yote: "Hiyo ni pamoja na ya serikali?" Kichwani mwake vyote vimelala kwenye fungu moja: ujira wangu, kodi, faini, nauli na soda ya mlinzi wa getini. Pesa ikitoka mfukoni imetoka, haiulizwi imekwenda kwa nani. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mimi ni ghali, mara nyingi anailalamikia kodi, ila kwa kuwa kodi haina namba ya simu ya kupigiwa saa moja asubuhi, nalaumiwa mimi.

Kuna mmoja alikuja na pendekezo ambalo aliliona la kiungwana kabisa. "Nikikupa laki nne badala ya tatu, kodi itashuka kiasi gani?" Nikamweleza kwamba kodi haifuati ujira wangu, inafuata mauzo na faida yake. Akanitazama kama anayemtazama konda aliyekataa kurudisha chenji. Akaondoka akisema atatafuta mshauri mwenye uzoefu.

Wengine kwa kweli hawanihitaji, na hao ndio wagumu kuwasaidia. Mama mmoja alipanda ngazi zote zile kuulizia bei ya kutafutiwa TIN, namba ya mlipakodi. Nikamwambia, mama, TIN hutolewa bure, nenda na kitambulisho chako cha taifa. Aliniangalia kwa huruma. Wiki iliyofuata nikamkuta pale chini kwenye kona, kwa kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato na mwavuli wa kampuni ya simu, anahesabu elfu thelathini. Bure yangu haikumwingia akilini, ila elfu thelathini ya kishoka ilikuwa na sura ya huduma.

Sasa nije kwa bwana wa mashati, maana huyu ndiye aliyenifanya nibadili utaratibu wa ofisi nzima.

Alikuja mwenyewe, bila simu, akiwa na mfuko wa rambo mweusi umetuna. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo kabla sijaufungua nilikwishajua umri wa shehena iliyomo. Akauweka mezani. "Risiti zote zimo humo. Mimi ni mtu wa kumbukumbu. Nipe bei."

Nikafungua. Karatasi ya juu ilikuwa nyeupe. Ya pili nyeupe. Nikachota katikati, nikachota chini. Nyeupe, nyeupe, nyingine ina alama ya kikombe cha chai. Risiti za EFD, mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwenye karatasi inayoshika maandishi kwa joto, na kwa joto hilo hilo maandishi huyeyuka. Sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Karatasi ile, ikikaa kwenye stoo ya bati ya Kariakoo, sidhani kama huwa imeisoma sheria hiyo. Ndiyo maana huwa nawasihi wateja wazitoe kopi mapema, nao huitikia kwa kichwa kama waumini kwenye hotuba ndefu.

"Kaka, hizi hazina maandishi."

"Yalikuwepo."

"Sasa hayapo."

Akafikiri kidogo. "Basi si kazi imepungua? Hakuna cha kusoma humo. Punguza bei."

Nilitafuta jibu nikakosa. Nikataja laki tatu, na nikaongeza kwamba zikibidi safari za kwenda kwa wauzaji wake wa jumla kuomba nakala, itapanda. Akacheka kicheko cha dukani, kile cha mtu aliyesikia bei ya kwanza. "Dada, tuache utani. Jirani yako hapa kaniambia laki moja."

Jirani yangu ni mzee mhasibu mwenye CPA yake, mtu wa makampuni, hana muda na mifuko. Bwana wa mashati alipotoka "kwenda kufikiria", nikavuka korido nikamgongea. Nikamkuta anafuta machozi ya kucheka. Kumbe bwana yule alianzia kwake, na kule alisema: "Yule dada wa pale kaniambia elfu themanini." Tulikuwa tunanadiwa bila habari, na kwa mwendo ule ghorofa ya juu angefika akiwa anawadai wao.

Mzee yule ana vituko vyake pia. Wapo wanaomwendea na kampuni waliyoifungua miaka kadhaa nyuma na haijauza hata kalamu. Kampuni haina ujanja. Hata ikiwa imelala, ritani inatakiwa, na lazima ipite kwenye mikono ya mhasibu mwenye CPA aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA. Isipopelekwa, adhabu huhesabiwa mwezi baada ya mwezi, mwenyewe akiwa hana habari. Mteja mmoja alipoelezwa hayo akamjibu, "Mzee, kama kampuni imelala, basi na bei nayo ilale." Mzee anasema katika miaka yake yote hajasikia hoja iliyopangika vizuri kuliko hiyo. Hakumpunguzia.

Kila mmoja kwenye korido yetu ana dawa yake ya waulizia bei. Yupo aliyebandika ubao mlangoni wenye bei za kila kitu, akidhani yamekwisha. Watu wanasimama wanabishana na ubao. Yupo anayetaja bei ndogo ili mtu aingie, halafu anaongeza kidogo kidogo: ya kufungua faili, ya kuchapa, ya kufuatilia. Huyo simpendi, na nimemwambia. Mteja akishadanganywa hivyo mara moja, wote tunaobaki tunakuwa wezi hadi tuthibitishe vinginevyo, na kuthibitisha kunachukua mchana mzima.

Mimi baada ya ule mfuko wa rambo niliacha kutaja bei kwenye simu. Nauliza swali moja tu: "Una barua yoyote ya TRA hapo ulipo?" Swali hili lina nguvu ya ajabu. Asiye na barua anasema hana, mara moja, kwa furaha. Aliye nayo anaanza kukohoa. Halafu nimeweka ada ndogo ya kufungua mfuko, ambayo naikata kwenye malipo akiamua kubaki. Wanaopita tu kukusanya bei za mtaa huishia hapo, na hawaagi kwa shikamoo.

Ada hii pia imenikinga na wale wa "naulizia tu bei" ambao kumbe wamekuja darasani. Mtu anauliza bei, halafu swali la mashine, la wafanyakazi, la mzigo wa bandarini, na ukishtuka umemfundisha nusu saa na yeye ameandika yote nyuma ya bahasha. Wa mwisho wa namna hiyo aliuliza kuhusu pango la fremu yake. Nikamweleza kwamba yeye mpangaji anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango, aipeleke TRA, na mwenye nyumba apewe iliyobaki.

"Mimi nimkate mwenye nyumba wa Kariakoo asilimia kumi?"

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Samahani dada, hiyo bei yako inajumuisha na kunitafutia fremu nyingine?"

Bwana wa mashati alirudi. Alizunguka mitaa yote mpaka Gerezani, akapata wa elfu hamsini, huyo elfu hamsini akazima simu, na tarehe ikawa mlangoni. Tukafanya kazi kwa laki tatu ile ile, na nakala tulizitafuta kwa wauzaji mmoja mmoja. Alilipa kwa mafungu manne, kwa maelezo kwamba hata serikali inakubali awamu.

Mwezi uliofuata nikawa napita Mtaa wa Kongo nikaona shati la kiume zuri dukani kwake, nikataka kumnunulia mume wangu. Elfu thelathini na tano. Nikampa ishirini. Akashika kifua. "Dada yangu, mimi na wewe hatuhitaji kusumbuana, hiyo ndiyo bei ya mwisho. Mali ina gharama."

"Sawa, nipe na risiti."

Akashusha sauti, akaangalia kushoto na kulia. "Ah, kumbe unataka na risiti? Hiyo ni arobaini na moja."

Nikamkumbusha mimi ni nani. Nikamkumbusha kwamba kisheria hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa, na kwamba mwezi Juni ritani yake iko mezani kwangu. Nikamwambia pia kwamba na mimi nina bei mbili, ya mteja anayetoa risiti na ya mteja anayeniuzia shati kichochoroni, na hiyo ya pili hata yeye hataiweza.

Akacheka sana. Akarudi kwenye thelathini na tano, akaivuta mashine kutoka chini ya kaunta, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akabonyeza. Ikalia mlio mmoja mfupi.

"Aisee dada," akasema, "karatasi zimeisha."

Nikavuta stuli, nikakaa, nikamwambia kijana wake akanunue.