Seva Inayouliza Ukoo
Ofisi moja hapa Thika ina seva ya barua pepe yenye tabia za wazee wa ukoo: haikukaribishi kabla haijajua wewe ni mwana wa nani. Ukibisha hodi kutoka tawi la Ruiru, inachukua anwani yako ya tarakimu na kwenda kuulizia jina lake kwa seva ya majina. Kumbe huyo anayeulizwa alizimwa zamani! Inangoja sekunde 5, inauliza tena, inangoja 5 nyingine. Bosi akalaumu waya, akanunua intaneti ya kasi zaidi. Sasa tunangoja kwa kasi. Fundi alipanda matatu, akapita Juja, akafuta anwani ya marehemu kwenye faili la resolv.conf, mstari mmoja tu. Chai yake haikuwahi kupoa. Malipo yake ndiyo bado yanaulizwa ukoo.